Filamu za Maafa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo mpenzi wa filamu za maafa huulizwa na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake kila anapopendekeza filamu nyingine ya jengo linaloungua au meli inayopinduka. Pale jibu moja linapotegemea jingine, msomaji anaelekezwa huko badala ya kurudiwa maneno yale yale. Majibu kadhaa yanataja jinsi filamu zinavyoisha, kwa hiyo asiyependa kusimuliwa mwisho asome kwa tahadhari.

## Mambo ya msingi

Filamu ya maafa ni filamu ya namna gani hasa?

Ni filamu ambayo adui wake mkuu si mtu bali ni tukio: moto, maji, tetemeko la ardhi, volkano, kimbunga, ugonjwa au jiwe kubwa linalokuja kutoka angani. Tukio hilo huwapata watu wengi kwa pamoja, matajiri na maskini, wazee na watoto, wengi wao wakiwa hawafahamiani, na hadithi nzima huwa ni jinsi watakavyotoka au watakavyoshindwa kutoka. Filamu za vita zina vifo vingi kuliko hizi, lakini hazihesabiwi humu kwa sababu katika vita yupo mtu aliyekusudia kuua. Moto hauna kusudi, wala maji hayana chuki na mtu. Mtazamaji hana wa kumlaani, na macho yake hubaki kwa wale waliofikwa na jambo.

Mipaka yenyewe haikupigwa kwa rula. Godzilla ya Japani ya mwaka 1954 ina mnyama, lakini namna inavyoonyesha jiji lililoteketea na majeruhi waliojaa hospitalini inaifanya iwe ndugu wa karibu wa filamu hizi kuliko filamu nyingi za madude zilizoifuata.

Filamu hizi zilianza lini?

Zilianza sinema ikiwa bado changa. Titanic ilizama Aprili 1912, na mwezi uliofuata tayari ilikuwepo filamu fupi, Saved from the Titanic, ambayo mwigizaji wake mkuu, Dorothy Gibson, alikuwa mwenyewe abiria aliyeokoka katika meli hiyo. Hakuna nakala yake inayojulikana kubaki. Mwaka 1936 ilitoka San Francisco, iliyojengwa juu ya tetemeko lililouvunja mji huo mwaka 1906.

Hata hivyo, umbo tunalolijua leo, lenye waigizaji wengi maarufu waliofungiwa mahali pamoja na hatari inayopanda hatua kwa hatua, lilikamilika nchini Marekani kati ya Airport ya mwaka 1970 na The Towering Inferno ya mwaka 1974. Mtayarishaji Irwin Allen ndiye aliyeifanya kazi hiyo kuwa biashara kubwa, na yeye huyo huyo aliichosha: filamu yake ya nyuki wauaji, The Swarm ya mwaka 1978, ilikataliwa na watazamaji. Kisha mwaka 1996 zikaja Twister na Independence Day, zikiwa na picha za kompyuta ambazo Allen hakuwahi kuwa nazo, na wimbi la pili likaanza.

Inakuwaje mtu mwenye akili timamu akafurahia kutazama watu wakifa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya kulaumu. Jibu langu ni kwamba raha haimo katika vifo wala katika uharibifu. Imo katika kungoja, na katika kumwona mtu akiamua wakati hana taarifa za kutosha wala muda wa kuzitafuta.

Mfano bora ni The Poseidon Adventure ya mwaka 1972. Usiku wa mkesha wa mwaka mpya meli ya abiria inapigwa na wimbi na kugeuka juu chini, hivi kwamba dari ya ukumbi wa karamu inakuwa sakafu. Kupinduka kwenyewe ni kwa dakika chache tu. Linalofuata ndilo linalonifanya nirudie filamu hiyo: ofisa wa meli anawataka abiria watulie wangoje waokoaji, na mchungaji anayeigizwa na Gene Hackman anasema kwamba sehemu ya chini ya meli sasa ndiyo iliyo juu, kwa hiyo wapande kuelekea huko, wakitumia mti wa Krismasi kuwa ngazi. Wengi wanabaki na ofisa, kwa kuwa amevaa sare na maneno yake ni ya busara. Wachache wanapanda. Muda mfupi baadaye maji yanavunja na kuingia ukumbini. Kila mtazamaji hujiuliza angekuwa upande gani, na akiwa mkweli wa nafsi yake atakiri kwamba huenda angebaki chini.

Ushahidi wa upande wa pili upo pia. 2012, iliyotoka mwaka 2009, inabomoa karibu dunia nzima, lakini wahusika wake hupona kwa sababu gari au ndege yao imepita sekunde moja kabla ya barabara kudidimia. Mara ya kwanza inasisimua. Mara ya pili mtu hujikuta akitazama saa, kwa sababu hakuna aliyeamua jambo lolote zito, wamebahatika tu.

Mbona nusu saa ya kwanza hakuna kinachotokea?

Kinachotokea ni kwamba unawekewa akiba. Unaonyeshwa nani ana mtoto, nani amegombana na mkewe, nani alipunguza gharama mahali asipostahili kupunguza. Katika The Towering Inferno, jengo la ghorofa 138 mjini San Francisco linazinduliwa kwa karamu ya ghorofa ya 135, wakati nyaya za umeme duni alizoziweka mkwe wa mwenye jengo zimekwisha kuwasha moto ghorofa ya 81. Mtazamaji anajua, walioshika glasi hawajui. Anayeirukisha sehemu hiyo ili afike kwenye moto atauona moto, lakini hatamjua anayeungua, na hapo ndipo filamu hizi huwa za kikatili kweli.

## Wahusika na hatima yao

Si inajulikana kwamba stelingi hafi?

Waliokulia kwenye vibanda umiza vya Tanzania, wakimsikiliza Lufufu akisimulia juu ya picha, au waliomfuata DJ Afro kule Kenya, wanaifahamu kanuni hiyo vizuri. Stelingi atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini watoto waliokaa mbele hawana wasiwasi: hafi. Utulivu huo ni sehemu ya raha ya filamu za mapigano.

Filamu za maafa ziliivunja kanuni hiyo mapema. Mchungaji wa The Poseidon Adventure anafungua njia kwa wenzake kisha anatumbukia yeye. Katika Earthquake ya mwaka 1974, Charlton Heston, ambaye watazamaji walimzoea katika nafasi za mashujaa wasioshindwa, anaruka ndani ya maji yanayofurika ili amfuate mkewe, na wote wawili wanakufa. Bruce Willis anabaki juu ya jiwe la angani katika Armageddon ya mwaka 1998. Katika Deep Impact ya mwaka huo huo, mtangazaji wa habari anayeigizwa na Téa Leoni anamwachia mwenzake mwenye mtoto nafasi yake katika helikopta, kisha anakwenda ufukweni kwa baba yake kulingoja wimbi. Kwa kuwa lolote laweza kumpata yeyote, uamuzi wa kila mhusika una uzito, na hapa jibu hili linaungana na lile linalohusu raha ya kutazama.

Zipo zinazorudi kwenye kanuni ya zamani. San Andreas ya mwaka 2015 inamlinda Dwayne Johnson na jamaa zake wa karibu kutoka mwanzo hadi mwisho, huku akiitumia helikopta ya uokoaji ya umma kuwatafuta mke na binti yake. Wengi huipenda. Mimi kila ninapoitazama huwafikiria watu ambao helikopta ile iliwapita.

Je, zinafaa kutazamwa zikiwa na masimulizi ya DJ?

Zinafaa kwa sehemu. Msimulizi hodari huwapa uhai wahusika wengi ambao vinginevyo mtazamaji angewachanganya, na filamu hizi zina wahusika wengi kupita kiasi. Tatizo ni kimya. Msimulizi analipwa kuzungumza, na dakika nzuri kuliko zote katika filamu ya maafa ni ile ambayo kila mtu amenyamaza kusikiliza kinachogugumia upande wa pili wa ukuta.

## Sayansi: kipi cha kuamini

Je, ardhi hupasuka na kuwameza watu kama inavyoonyeshwa?

Kwa ufa wa San Andreas ulioko California, hapana. Pande mbili za ufa huo huteleza kwa ubavu, moja ikipita pembeni ya nyingine, na ni msuguano wa pande hizo unaokusanya nguvu inayoachiliwa wakati wa tetemeko. Zingeachana na kuacha bonde katikati, msuguano usingekuwepo, na tetemeko lenyewe lisingetokea. Filamu ya San Andreas inataja tetemeko la kipimo cha 9.6, ilhali kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni la Chile la mwaka 1960, lenye kipimo cha 9.5, nalo lilitoka mahali ambapo bamba moja la ardhi linazama chini ya jingine. Ufa wa California hauna umbile la namna hiyo.

Kuyajua haya hakuniharibii filamu. Huniongezea jambo la kubishania na wenzangu.

Je, tsunami inaweza kupindua meli katikati ya bahari?

Ni vigumu sana. Katika kina kirefu tsunami husafiri kwa mwendo unaokaribia ule wa ndege ya abiria, lakini kimo chake mara nyingi hakifiki hata mita moja, na mabaharia wanaweza wasiitambue inapopita chini yao. Hupanda inapofika kwenye maji machache, kwa sababu sehemu ya mbele hupunguza mwendo na ya nyuma hulundikana juu yake. Kwa hiyo wimbi la The Poseidon Adventure, linalosemwa kutokana na tetemeko la chini ya bahari, lingetisha zaidi bandarini kuliko baharini.

Watu wa pwani yetu wana sababu ya kulielewa hili. Tsunami iliyoanzia karibu na Sumatra tarehe 26 Desemba 2004 iliivuka Bahari ya Hindi kwa saa kadhaa ikafika Somalia, Kenya na Tanzania. Somalia ilipoteza watu wengi. Kenya na Tanzania nazo zilikuwa na waliokufa, ingawa kwa idadi ndogo zaidi, na kule Kenya watu waliondolewa fukweni kwa kuwa habari zilikwisha kutangulia. Kasi ya habari dhidi ya kasi ya maji ni kisa ambacho mtunzi wa filamu angekitamani.

Filamu za volkano je?

Huchanganya aina mbili za volkano katika mlima mmoja. Dante's Peak ya mwaka 1997 inalipuka kwa wingu la majivu na mawe kama mlima St. Helens wa Marekani, ulioua watu 57 tarehe 18 Mei 1980, na papo hapo inatiririsha lava nyepesi inayofukuza magari. Lava nyepesi ni tabia ya milima kama Nyiragongo, ambao tarehe 17 Januari 2002 uliiingiza lava katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu, na maelfu ya wakazi wakavuka mpaka kuingia Rwanda. Wenyeji wa huko hawahitaji kuelezwa kwamba lava yaweza kwenda mbio.

Volcano, ya mwaka 1997 pia, huchekwa kwa sababu watu wa Los Angeles wanaizuia lava kwa vizuizi vya zege na maji. Kicheko hicho kipunguzwe kidogo: mwaka 1973 wakazi wa kisiwa cha Heimaey, nchini Iceland, waliimwagia lava maji ya bahari kwa pampu kwa miezi kadhaa, wakaiokoa bandari yao.

Ni ipi iliyo karibu zaidi na ukweli?

Nazitaja mbili. Contagion ya mwaka 2011 ilitengenezwa kwa ushauri wa wanasayansi wa magonjwa ya kuambukiza, akiwemo Ian Lipkin, na kirusi chake cha kubuni kilichukua tabia za Nipah, kilichowahi kuua watu Malaysia mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2020 watu wengi waliirudia, na wengine hawakuweza kuimaliza.

Ya pili ni Bølgen ya Norwei, iliyotoka mwaka 2015. Mlima Åkerneset upo kweli, ufa wake upo kweli, na wataalamu wanaupima usiku na mchana kwa sababu ukiporomoka utasukuma wimbi kuelekea kijiji cha Geiranger. Jambo la namna hiyo lilitokea Tafjord mwaka 1934, watu 40 wakafa. Katika filamu, wanakijiji wana dakika kumi tangu king'ora kilie. Hakuna jiji linaloanguka wala rais anayehutubia. Kuna mtaalamu mmoja ambaye haikumtosha kuambiwa kwamba vipimo vimeharibika, na wenzake wanaosita kupiga king'ora msimu wa watalii. Ndiyo ninayompa mtu anayedai kwamba filamu hizi zote ni kelele.

## Ufundi na biashara

Kwa nini maji ya filamu za zamani huonekana ya bandia?

Kwa sababu meli ilikuwa modeli, na maji hayakubali kupunguzwa. Jengo dogo linaweza kufanywa lionekane kubwa kwa kuharakisha kamera: modeli ya moja kwa kumi na sita huanguka kwa robo ya muda ambao jengo halisi lingechukua, kwa hiyo hupigwa picha 96 kwa sekunde badala ya 24, na zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida anguko huwa zito kama inavyostahili. Ikulu ya Marekani inayolipuka katika Independence Day ni modeli ya namna hiyo, na mpaka leo inashawishi. Lakini tone la maji lina ukubwa wake ule ule, liwe mbele ya meli ya kweli au ya mita chache, na jicho hulitambua mara moja. Ndiyo sababu watengenezaji wa zamani walipenda modeli kubwa kadiri walivyoweza kuzigharimia.

Sensurround ilikuwa nini?

Ilikuwa mitambo ya spika kubwa iliyofungwa katika baadhi ya majumba ya sinema kwa ajili ya Earthquake, ikitoa mngurumo mzito ambao mwili huuhisi kabla ya sikio kuusikia vizuri. Katika ukumbi maarufu wa Chinese Theatre mjini Hollywood ilibidi wavu ufungwe chini ya dari, ili kuwakinga watazamaji na vipande vya plasta. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya sauti.

Kwa nini hutoka mbili zinazofanana mwaka mmoja?

Kwa sababu kampuni mbili hununua wazo linalofanana, na hakuna inayotaka kuwa ya kwanza kuliacha. Ndivyo ilivyokuwa kwa volkano mbili za mwaka 1997 na mawe mawili ya angani ya mwaka 1998. Mwaka 1974 hekima ilishinda: Warner Bros. na 20th Century Fox, kila moja ikiwa na haki za riwaya yake kuhusu ghorofa linaloungua, ziliungana na kutengeneza The Towering Inferno kwa pamoja. Shida ikahamia kwa waigizaji. Steve McQueen na Paul Newman wote walitaka jina la kwanza, na tangazo likachapishwa jina la McQueen likiwa kushoto lakini chini, la Newman likiwa kulia lakini juu.

## Mambo yanayohitaji uangalifu

Je, ni halali kutengeneza filamu ya maafa yaliyotokea kweli?

Ni halali, kwa masharti ambayo si rahisi kuyatimiza. A Night to Remember ya mwaka 1958 inasimulia kuzama kwa Titanic kwa ushauri wa Joseph Boxhall, aliyekuwa ofisa wa nne wa meli hiyo, na haimfanyi mtu yeyote kuwa shetani ili hadithi inoge. The Impossible ya mwaka 2012 inasimulia tsunami ya 2004 nchini Thailand kupitia familia ya Kihispania iliyookoka, ambayo katika filamu imefanywa ya Kiingereza. Imeigizwa vizuri sana, na lawama iliyopata ni ya haki: Wathai, ambao nao walikufa kwa wingi, wanabaki pembeni mwa picha.

Kwetu sisi sharti liko karibu zaidi. Mv Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na Mv Spice Islander ikazama kati ya Unguja na Pemba Septemba 2011. Ziko nyumba nyingi ambamo filamu ya meli inayopinduka si burudani hata kidogo, na mpenzi wa filamu hizi anapaswa kuuliza kabla ya kuwasha televisheni mbele ya wageni.

Je, watoto wazitazame?

Wakubwa kidogo, tena pamoja na mtu mzima. Zenye mawe ya angani huwa nyepesi kwao kuliko zenye moto wa nyumbani au ugonjwa.

Je, mtu anaweza kujifunza kujiokoa kwa kuzitazama?

Kidogo tu. The Towering Inferno inaonyesha kwa ukali kwa nini lifti haitumiwi wakati wa moto, na somo hilo ni sahihi. Bahari inayorudi nyuma ghafla ni dalili ya kweli ya tsunami, ila haijitokezi kila mara, kwa hiyo tetemeko refu linalohisiwa ukiwa ufukweni linatosha kuwa sababu ya kuondoka. Mengine yote yaachiwe zimamoto na mamlaka za hali ya hewa.

Nianze na ipi?

Anza na The Poseidon Adventure, ambayo haifiki saa mbili na ina kila kitu. Fuatisha Bølgen. The Towering Inferno ina dakika 165, basi itengee jioni yake. Zile za kubomoa dunia nzima ziache kwa siku ambayo nyumba imejaa watu na hakuna anayesikiliza.

Je, Airplane! ya mwaka 1980 ihesabiwe, ilhali ni kichekesho?

Ihesabiwe. Waliotengeneza kichekesho hicho walinunua haki za filamu ya kweli ya mashaka, Zero Hour! ya mwaka 1957, wakachukua kisa chake na hata sehemu ya mazungumzo yake karibu neno kwa neno: marubani wanaugua kwa chakula kibovu, na abiria aliyewahi kurusha ndege vitani, ambaye sasa anaogopa kurusha, analazimika kuitua. Kwa hiyo chini ya utani wote kuna filamu ya maafa iliyo kamili, na katikati ya kicheko mtazamaji bado anataka ndege itue salama. Itanoga zaidi kwa aliyetangulia kuitazama Airport, kwa kuwa nusu ya mizaha inazilenga filamu za ukoo huo.